Ng'ombe Waliopita kwa Simu

Msomaji, tulipoachana, Mzee Mokua alikuwa amefungua geti lake la mbao kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshikilia suruali isimwaibishe, na nje ya geti wamesimama wageni waliovaa kama watu wa arusi. Mbele yao alikuwa mama mmoja wa kitambaa cha zambarau kichwani. Mama huyo hakumaliza hata salamu, akasema neno lililomfanya Mokua asahau kwamba mshipi wake umebaki ndani:

"Tumekuja kuchukua bibi yetu."

Haya, tuingie nao.

"Bibi gani?" Mokua aliuliza.

"Lavender."

"Lavender yupi?"

"Kwani uko nao wangapi?"

Mokua alikuwa na mmoja tu. Dada zake Lavender walishaolewa mbali, na mama yao, Orpah, amelala pale nyuma ya migomba tangu mwaka ule hospitali ilipokuwa na jengo jipya, rangi mpya, na dawa hakuna. Aliyebaki ni Lavender. Ndiye anayewasha moto. Ndiye anayesoma meseji za kiwanda cha chai. Ndiye anayemwambia baba yake kwamba sweta ameivaa nje ndani. Akienda huyo, Mokua atabaki na kuku, na kuku hawajui kusikiliza malalamiko ya mtu.

"Mmekosea boma," akasema, akaanza kufunga geti.

Mguu ukaingia katikati. Ulikuwa na kiatu cheusi kilichopigwa rangi mpaka kikang'aa. Mokua alipokifuata kwa macho kwenda juu akamkuta mzee mrefu, koti la kaki, kalamu mfukoni. Hakuwahi kumwona maishani, lakini alimjua. Hicho ni kiatu cha mtu aliyewahi kulipwa na serikali.

"Ondieki," mzee akajitambulisha. "Naibu wa chifu mstaafu. Leo niko hapa kama esigani, mshenga wa hawa watu wa Nyamarambe. Na huyu ni Eucabeth, mama ya kijana."

"Kijana yupi?"

"Obadiah. Wa Minesota."

Mokua akaacha kusukuma geti. Jina hilo alilijua. Alikuwa amelitamka kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya maelfu ya watu.

Kwa yule aliyekosa gazeti wiki zilizopita nitasema haraka, maana wageni wamesimama juani. Lavender ana simu, na ndani ya simu ana Chanua, ule mtandao wa kujionyesha laivu. Kila jioni anaegemeza simu kwa debe, anapika, watu wanatazama. Mwanzo walikuwa wachache. Halafu siku moja Mokua akapita kwa nyuma akiwalaani wakurugenzi wa kiwanda, watu wakaandika, "Rudisha huyo mzee!" Tangu hapo Mokua ana kigoda chake pale jikoni. Lavender anageuza ugali, Mokua anageuza serikali.

Watazamaji wakifurahi wanatuma zawadi. Kuna ua, kuna kikombe cha chai, na mwenye mfuko mzito anatuma fahali. Fahali huyo anapita kwenye kioo cha simu kutoka upande huu mpaka ule, analia, na ubavuni ameandikwa jina la aliyemtuma.

Lavender alimfundisha baba yake kanuni moja ya kazi hii. "Tata, mtu akituma zawadi, mtaje jina umshukuru. Usipomtaja, anahamia kwa mwingine."

Basi jioni moja wakapita mafahali wanne wakifuatana, wote ubavuni wameandikwa Obadiah wa Minesota. Mokua akasimama. Akavua kofia. Akashukuru kwa namna pekee aliyofundishwa na baba yake ya kushukuru kwa ng'ombe: akawataja mmoja mmoja kwa rangi, akasema boma limewapokea, akasema mwenye ng'ombe aje na watu wake wale chakula na wasirudi mikono mitupu.

Watu wa mjini walicheka mpaka wakalia. Watu wa Nyamarambe hawakucheka. Walipeleka vitambaa kwa fundi.

"Ilikuwa mchezo," Mokua akasema sasa, pale getini. "Ni ng'ombe ya simu."

"Mchezo!" Eucabeth akawageukia wenzake. "Mmesikia? Anasema mchezo."

Ondieki akatoa simu, akaipangusa kwa leso, akabonyeza. Sauti ya Mokua ikatoka humo, nzito, yenye heshima, kama ya mtu mwenye akili zake: "...na huyu mwekundu wa kipaji cheupe, nimempokea. Na huyu mweusi, nimempokea..."

"Hiyo ni sauti ya nani?"

"Ni yangu, lakini..."

"Rangi ulitaja wewe?"

"Nilitaja, lakini..."

"Mimi nimekaa ofisini miaka mingi," Ondieki akasema. "Nimeona wazee wakikana watoto. Nimeona wakikana mipaka ya shamba. Nimeona mmoja akikana kitambulisho chake na picha yake iko hapo. Lakini mzee wa kukana ng'ombe aliyemtaja rangi, huyo sijamwona."

Wageni wakaingia. Hakuna aliyewakaribisha. Waliingia tu, na kreti za soda zikawafuata.

Mlango wa jikoni ukafunguka, Lavender akatoka, mwiko mkono mmoja, simu mkono wa pili.

"Salimia mama mkwe wako," Ondieki akamwambia.

"Mama mkwe wa nani?"

Eucabeth hakumjibu. Alikuwa anamtazama kutoka juu kwenda chini, kama mtu aliye sokoni. "Ni mwembamba," akasema. "Si neno. Minesota watamnenepesha."

"Mimi siendi Minesota."

"Baba yako alishakula ng'ombe za mahari."

"Ng'ombe gani alikula? Mama, keti nikuelezee." Lavender akamvutia kigoda. "Yule fahali si ng'ombe. Huyo Obadiah alinunua sarafu za Chanua kwa pesa yake. Sarafu ndizo zikanunua fahali. Na fahali akija kwangu, hafiki akiwa mzima. Chanua wanakata nusu."

"Nusu ya fahali?"

"Nusu."

"Upande wa kichwa ama wa mkia?" mzee mmoja akauliza kwa nyuma.

"Nusu ya bei yake, mzee. Ile inabaki wanaigeuza inakuwa almasi. Almasi huwezi kutoa mpaka zifike kiwango chao. Zikifika, kuna ada ya kutoa. Bado kuna kodi. Kile kimeponea hapo ndicho kinaingia kwa simu yangu."

"Na kiliponea kikafanya nini?"

Lavender akanyoosha mwiko kuelekea paa la jikoni. Mabati yalikuwa mapya, yanameremeta. Ujumbe wote wa Nyamarambe ukainua shingo.

"Ng'ombe nne," Eucabeth akasema polepole, "ndiyo hiyo?"

Mokua akaona mlango umefunguka kidogo, akajirusha. Hesabu ya namna hii hakuhitaji kufundishwa na mtu.

"Omong'ina, mama yangu, hata mimi nilishangaa! Kumbe ni kama majani chai tu! Hapa kwangu linatoka gunia. Linapita kwa mtu wa mizani, linapita kwa meneja, linapita kwa mkurugenzi na shemeji ya mkurugenzi. Bonasi ikifika unapewa hadithi. Hao Chanua ni wakurugenzi tu, hawana tofauti. Ng'ombe wenu waliliwa njiani!"

"Na hao Chanua wanakaa wapi?" Ondieki akauliza.

"Ng'ambo," Lavender akasema.

"Wako na wasichana?"

"Mimi nitajuaje?"

"Nauliza kwa sababu," Ondieki akasema, akiyapanga maneno kama yuko barazani, "kama nusu ya ng'ombe walikula wao, basi nusu ya bibi watatoa wao. Hiyo tutawaandikia barua. Lakini nusu ya kwenu iko hapa. Tunaanza na hiyo."

Watu wake wakampigia makofi. Mokua akatamani kuimeza ile hotuba yake yote irudi ilikotoka.

"Nusu ya msichana inasafiri aje?" Lavender akauliza.

"Itakaa karibu na dirisha," Eucabeth akamjibu.

Hapo ndipo Mokua alipotambua kwamba simu ya binti yake inawaka. Maandishi yalikuwa yanapanda kwenye kioo kama siafu waliochokozwa.

"Lavender. Hiyo kitu iko laivu?"

"Tangu getini, Tata."

"Wako wangapi?"

"Elfu sita. Wanatuma maua. Wanasema esigani ako na kichwa kikubwa."

Ondieki akatoa kofia mfukoni, akaivaa.

"Ngoja," Lavender akasema, na uso wake ukabadilika. "Kuna mtu anaomba kuingia tuonekane pamoja. Ni yeye. Ni huyo Obadiah."

"Mwingize!" Eucabeth akapiga kelele. "Mwingize mwanangu!"

Kioo kikagawanyika. Upande mmoja ni boma la Mokua na kreti za soda. Upande wa pili ni kijana mwenye koti zito la baridi, kofia ya sufu imefunika masikio, nyuma yake ukuta na dirisha dogo. Mabegani alikuwa na kitu cheupe.

"Bwakire, Mama," kijana akasalimu.

"Obadiah! Ni nini hiyo kwa mabega?"

"Ni theluji, Mama. Huku inaanguka mpaka ndani ya nyumba."

"Uui, mwanangu!" Machozi yakamtoka mama wa watu. "Na unakula?"

"Nakula, Mama. Lakini nimekonda kwa mawazo."

Lavender alikuwa amekunja uso. "Obadiah, huko Minesota si saa hii ni usiku? Mbona dirisha lako liko na jua?"

Kijana akageuka akalitazama dirisha, akarudi. "Ni... ni jua la usiku. Huku liko."

"Amerika wana kila kitu," Ondieki akawaeleza wenzake, na wakatikisa vichwa.

Mokua hakuwa na habari na jua wala theluji. Kichwa chake kilikuwa kimeshika kitu, na alikishikilia kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka.

"Esigani," akasema. "Nikirudisha ng'ombe?"

Ondieki akakohoa.

"Nimekuuliza. Ng'ombe wakirudi wote, mbele ya mashahidi, kuna bibi wa kuchukuliwa hapa?"

"Wakirudi wote," Ondieki akakubali kwa uchungu, maana naibu wa chifu anajua sheria hata wakati haimfai, "maneno yamekwisha. Lakini utatoa wapi? Utaezua mabati?"

Mokua akamgeukia binti yake. "Huyu akiwa hapo kwa kioo, watu wanaweza kumtumia fahali yeye?"

"Wanaweza, Tata. Anayetuma anachagua upande."

Mokua akakivuta kigoda, akaketi mbele ya simu. Akasahau suruali, akasahau wageni.

"Wananchi," akasema. "Mnanijua. Sijawahi kuwaomba kura. Mimi kila harambee nimechanga. Ya kanisa nimechanga. Ya darasa nimechanga, darasa lenyewe sijaliona. Nilichanga mpaka ya gari la mtu mwenye magari. Leo ni yangu. Nisaidieni kurudisha ng'ombe wanne kwa huyu kijana wa theluji. Mimi nina mtoto mmoja hapa nyumbani. Akienda, nitaongea na nani? Na nyinyi mtaniona wapi, kama wa kuwasha hiyo simu hayuko?"

Kisha likapita ua. Yakapita maua mengine. Vikapita vikombe vya chai.

"Ng'ombe hairudishwi na maua," Eucabeth akasema, akakunja mikono.

Ndipo fahali akalia.

Akatoka upande wa Mokua akaenda upande wa Obadiah, pembe juu, na ubavuni ameandikwa Nesi wa Doha.

"Mmoja!" Ondieki akatamka. Ilimtoka kwa mazoea ya kuhesabu vitu vya watu.

"Asante Nesi wa Doha!" Lavender akapiga kelele. "Mungu akuongezee mshahara!"

Wa pili akafuata: Boda za Keroka, wamechanga. Wa tatu akaja na jina Alinyimwa Bonasi, na Mokua akapiga kifua kwa ngumi. "Huyo ni ndugu yangu! Huyo simjui lakini ni ndugu yangu!"

Obadiah kule kwenye kioo alikuwa anapunga mikono. "Yaya! Hapana! Msinitumie! Sitaki ng'ombe, namtaka Lavender!"

"Nyamaza, uko na theluji," Mokua akamwambia.

Wa nne akachelewa. Maua yakapita. Vikombe vikapita. Eucabeth akaanza kutabasamu, akaanza hata kufunga vizuri kitambaa chake cha zambarau. Mokua alimtazama Lavender, na Lavender hakutaka kumtazama.

Fahali akalia. Kwaya ya Akina Mama, Marani.

"Nne," Ondieki akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa jino.

Mokua akaruka juu, na suruali ikabaki chini kidogo, akaiwahi. "Imekwisha! Chukueni soda zenu! Nendeni salama, barabara mnaijua, imejaa mashimo ya mheshimiwa!"

Na msomaji, hadithi ingeishia hapo kama si ile mashine.

Chini ya shamba la Mokua, bondeni kando ya mto, kuna mashine ya kusaga mahindi. Kila mtu wa pale ameizoea, ikinguruma hakuna anayegeuka. Wakati huo ikawashwa. Ikanguruma bondeni.

Punde si punde, ngurumo ile ile ikatoka ndani ya simu.

Wageni wakaitazama simu. Wakalitazama bonde. Wakaitazama simu tena. Nyuma ya Obadiah ukuta ulikuwa unatetemeka, na theluji inaanguka kwa wingi.

Sauti ya mwanamume mwenye hasira ikapanda kutoka bondeni: "Obadiah! Toka kwa simu! Unga ya watu inamwagika!"

Na simu, ikiwa nyuma kidogo, ikarudia: "Obadiah! Toka kwa simu! Unga ya watu inamwagika!"

Eucabeth akasogeza pua kwenye kioo. "Hiyo ni theluji gani?"

"Ni unga wa mahindi, omong'ina," Mokua akasema. "Na haujachekechwa."

Lavender alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. "Ni wewe? Yule wa mashine? Yule hunijazia debe mpaka juu hata nikileta mahindi kidogo?"

Kijana akavua kofia ya sufu. Nywele nyeusi, uso mweupe. "Ni mimi, Lavender. Ukija na mahindi nashindwa kuongea. Kwa simu naweza."

Kioo kikazimika upande wake.

Mokua aliuona mdomo wa Lavender, na mdomo ule ulikuwa unakataa kutabasamu kwa nguvu zake zote. Minesota alikuwa ameishinda. Bondeni je?

Hakupata nafasi ya kufikiri, maana Eucabeth alikuwa ameanguka kwenye kigoda.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili natuma pesa ya makaratasi ya Amerika. Ya ubalozi. Ya ndege. Mwezi jana akasema imebaki karatasi moja tu ya mwisho, nikauza ng'ombe zangu zote mbili."

"Mbili?" Ondieki akashtuka. "Na hapa zilifika nne?"

"Zilizaa njiani," yule mzee wa nyuma akasema.

Lavender akaanza kuifuata ile njia kwa kidole hewani, na kadiri alivyofuata ndivyo sauti yake ilivyopungua. "Mama aliuza ng'ombe. Pesa ikaenda kwa Obadiah. Obadiah akanunua sarafu. Sarafu zikawa mafahali. Mafahali wakakatwa nusu, wakawa almasi, almasi zikawa..."

Wote wakainua macho kwenye mabati.

"Upande huo," Eucabeth akasema, akionyesha, "ni ng'ombe yangu ya maziwa. Na ule mwingine ni ile dume ya kulima."

"Lakini tumerudisha!" Mokua akalia. "Nne! Mashahidi wako!"

"Mlirudishia nani? Kuna kitu imeingia kwa mkono yangu?"

"Zimeingia kwa Obadiah," Lavender akasema kwa upole. "Na hizo pia, Tata, Chanua wanakata nusu."

"Tena?"

"Tena."

"Kwenda wamekula na kurudi wamekula!" Mokua akazunguka uwanja mzima akitafuta mkubwa wa kulaumu, na karibu hakukuwa na mkubwa ila Ondieki. "Nyinyi ndio mliwafundisha!"

"Mimi nimestaafu," Ondieki akasema.

Eucabeth akainuka. Kilio kilikuwa kimekwisha, na kilichobaki usoni mwake kilimtisha Mokua kuliko kilio.

"Nisikilizeni. Obadiah hana ng'ombe. Ako na unga. Kwa hivyo Obadiah hakutoa mahari, na huyu msichana si wake."

"Asante!" Mokua akasema. "Mungu akubariki, mama mwenye haki!"

"Aliyetoa ng'ombe ni mimi. Zilikuwa zangu, nilizifuga mimi. Na aliyezipokea mbele ya watu, akazitaja rangi, ni nani?"

Wageni wote wakamgeukia Mokua. Kuku mmoja alipita.

"Mimi ni mjane," Eucabeth akaendelea. "Huyu hana mke. Ondieki, wewe ni esigani. Fanya kazi yako."

Ondieki akafungua mdomo, akaufunga, akakumbuka nauli aliyolipiwa, akaufungua tena. "Mzee Mokua. Swali ni dogo. Huyu mama ametoa. Wewe umepokea. Sasa boma lako linatoa mtu gani?"

Mokua akacheka. Alicheka peke yake, akaacha.

"Tata," Lavender akasema, "watu wamefika elfu kumi. Na shati lako la kanisa limekauka, liko hapo kwa kamba."

"Lavender!"

"Nimesema tu. Kama utalihitaji."

Mokua alimtazama Eucabeth, na Eucabeth alimtazama yeye. Mama huyo akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, isiyo ya wageni:

"Bonasi ya mwaka huu walikupa ngapi?"

"Usiniulize."

"Hata mimi." Na hapo Eucabeth akawatukana wakurugenzi wa chai. Hakupiga kelele. Aliwatukana kwa utaratibu, kutoka mwenyekiti mpaka dereva wake, matusi safi yanayoweza kusemwa hata uwanjani mwa kanisa, na mengine Mokua hakuwahi kuyasikia maishani. Mokua alisikia kitu kikisogea kifuani. Pengine ni moyo. Pengine ni mihogo ya asubuhi.

"Omong'ina," akaanza kusema, "hiyo Nyamarambe yenu..."

Hatujui angemaliza vipi, kwa sababu njia ya kutoka bondeni ilijaa vumbi, na ndani ya vumbi akatokea Obadiah, mweupe kutoka uso mpaka viatu, koti la baridi limefunguka, anavuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa ng'ombe. Ng'ombe kabisa, wa nyama na kinyesi, anayepumua.

"Mzee Mokua!" kijana akahema. "Hii si ya simu! Shika!"

Nyuma yake, mbali kidogo, ile sauti ya bondeni ikawa inapanda: "Mwizi! Ng'ombe yangu! Mwizi!"

"Obadiah!" mama yake akalia. "Umetoa wapi hiyo?"

"Nitamlipa, Mama! Nitasaga bure miaka yote! Mzee, shika kamba!"

"Mokua, usiiguse," Ondieki akasema haraka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kama rafiki. "Ukishika hiyo kamba umepokea. Msichana ameenda, na hiyo ni mali ya wizi. Ni jela pia."

Mokua akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Obadiah akasimama hapo, kamba mbele, machozi yanachora mistari kwenye unga wa mashavu. Ng'ombe akakanyaga ndani ya geti.

Lavender akaiegemeza simu kwenye kreti ya soda, ikitazama uwanja. Akapita kando ya baba yake bila kumwangalia. Akaenda moja kwa moja akaishika kamba.

"Msichana kujipokelea mahari, hii haijawahi kufanyika," Ondieki akanong'ona.

Mwenye mashine akafika getini na rungu mkononi, anatweta, macho mekundu. Nyuma yake walikuwa vijana wa sokoni, na mmoja alikuwa tayari ameokota jiwe. Mwenye mashine akatazama wageni, akatazama kreti, akamwona ng'ombe wake.

"Nani ameshika ng'ombe yangu?"

Mokua alikuwa amekaa mchana kutwa akitafuta namna ya kumzuia mtoto wake asitoke kwenye boma lile. Aliruka hatua zilizobaki kama kijana, suruali ikamwacha akaiacha, akaipokonya kamba mkononi mwa Lavender na kuizungusha kiganjani mwake mara mbili.

"Mimi," akasema.